Mtoto Aliyemaliza Mizani

Kliniki ya watoto kwenye kituo chetu ilikuwa Jumanne na Alhamisi, na walioitwa ni watoto wa chini ya miaka mitano. Bibi mmoja alikuwa akija na mjukuu wa miaka sita, msichana wa darasa la kwanza, tena siku ya shule. Hakuna aliyemrudisha. Kila mtu alijua alichofuata: makofi.

Makofi hayo niliyakuta. Muuguzi wetu wa siku nyingi, tuliyemwita Sista, alikuwa na desturi ya kutaja kilo za mtoto kwa sauti mara mshale wa mizani ulipotulia, na kina mama kwenye mabenchi walimpigia makofi mtoto aliyeongezeka. Aliyepungua hakutajwa. Sista alimwandika kimya kimya, kisha akamwita mama yake pembeni. Desturi ilianza miaka ile ambayo waliopungua walikuwa wengi, mvua zilipokuwa zikikata katikati ya mtama na uji ukawa wa maji. Mtu aliyeongezeka gramu mia mbili alistahili kushangiliwa, na sikuona ubaya wake. Nilikuwa na miezi miwili tu pale, nimetoka chuo kikuu na shahada ya lishe, najitolea huku nikisubiri ajira, na vijiji vya Ikungi, mkoani Singida, nilikuwa ndiyo kwanza navizoea.

Mizani yetu ilikuwa ya kuning'iniza, imefungwa kwenye boriti ya baraza. Mtoto anavalishwa kikaptula cha turubai chenye mikanda, anatundikwa kwenye ndoano, analia, anasomwa, anashushwa. Namba zake zinaishia ishirini na tano. Siku ninayoisema, kikaptula hakikupita kwenye mapaja ya yule msichana, kwa hiyo Sista akamwambia ashike ndoano kwa mikono miwili na kuning'inia kama anayecheza. Mshale ukazunguka wote, ukapita ishirini na tano, ukasimama mahali pasipo na namba.

"Amemaliza mizani!" Sista alitangaza, na baraza zima likapiga makofi.

Bibi alitoa simu akapiga picha ya uso wa mizani. Nilikuwa nimesimama karibu naye, akanielezea bila kuulizwa. "Namtumia mama yake. Yuko Dar. Aliniambia, mama, siku nikiona mwanangu kakonda, nakuja kumchukua. Sasa aone mwenyewe kama kuna wa kuchukuliwa hapa."

Ningeweza kumjibu hongera, au kunyamaza. Mimi nikasema, tena kwa sauti ya kufikia benchi la mwisho, "Bibi, hii si sifa. Mtoto huyu ana unene uliopitiliza. Unene wa namna hii unahitaji matibabu kama ugonjwa mwingine wowote."

Mama mmoja mwembamba aliyekuwa akinyonyesha akasema, "Kumbe bonge ni ugonjwa! Mbona mimi nautafuta siupati?" Wakacheka wote. Msichana alikuwa bado ameshika ndoano. Aliiachia, akavuta gauni lake chini kwa mikono yote miwili, akaenda kusimama nyuma ya bibi yake.

"Mtoto wangu mgonjwa," bibi alisema taratibu, kama anayeonja neno. "Haya." Akamshika mkono wakaondoka. Alhamisi hawakuja. Jumanne iliyofuata hawakuja.

Sista alisubiri mabenchi yawe matupu ndipo akanigeukia. "Dogo, umenifukuzia mtu."

"Nilisema kweli, Sista."

"Nani alikuuliza?" Alikuwa akifuta ndoano kwa kitambaa. "Mimi hapa nimezika watoto waliokonda. Sijazika aliyenona. Wewe umezika wangapi?"

Swali hilo lilinisumbua kuliko karipio. Chuoni nilikuwa yule mwanafunzi ambaye wahadhiri wanapomwona amenyoosha mkono wanatazama saa. Kila chati niliuliza imetengenezwa na nani, aliwapima watoto wa wapi, na kwa nini mtoto wa Singida alinganishwe nao. Sasa siku ya kwanza chati ilipopata mtu wa kumpiga, mimi ndiye niliyeishika fimbo, bila swali hata moja.

Nilirudi kwenye karatasi zetu kutafuta msaada. Kadi ya kliniki ilikuwa na njia ya kijani, na chini yake kijivu na nyekundu, na sote tulijua cha kufanya mtoto akishuka. Juu ya kijani hakuna aliyetufundisha kitu. Fomu yetu ya mwezi ilikuwa na nafasi ya waliodumaa, waliokonda na wenye uzito pungufu tu. Nilimwandika yule msichana pembeni, nje ya mistari, kwa penseli. Kwenye kabati nilikuta kipeperushi kimoja kuhusu unene, karatasi ya kung'aa, kikishauri kupunguza chipsi na kupanda ngazi badala ya lifti. Kitu kirefu kuliko vyote kijijini kwetu ni mnara wa simu, na haupandwi.

Basi nikaanza kujishawishi kwamba nilikosea. Labda mtoto ni mzima tu. Labda nimekuja kuleta hofu ya watu wa mjini mahali ambapo mtoto mnene maana yake ni kwamba nyumba hiyo hakuna aliyelala njaa. Wiki ya tatu nikaenda kwa bibi, na nia yangu hasa ilikuwa kuomba radhi.

Nyumba yake iko nyuma ya mashamba ya alizeti, mbali kidogo na lami. Alizeti zilikuwa zimechanua, na njia ilipita katikati yake.

"Hodi hapa."

"Karibu. Ah!" Alikuwa ameketi mlangoni akichambua majani ya mlenda. "Ni yule daktari wa ugonjwa wa unene."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa kwenye kigoda hicho. Ni kibovu lakini wewe kitakubeba, huna uzito." Alinitazama kuanzia viatu hadi shingo. "Kwenu wanakula?"

"Wanakula, bibi."

"Wanakula wao, wewe unawaangalia."

Ndani ya nyumba mtu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ya yule msichana.

Nilisema pole yangu. Bibi aliipokea kwa kichwa tu, kisha akatengeneza chai ya maziwa na kutoa maandazi. Mimi nilipewa mawili, mjukuu manne, na kikombe chake kikatiwa sukari hadi kijiko kikawa kinazunguka kwa uzito. Juu ya kabati kulikuwa na makopo ya kokoa na maboksi ya biskuti, yote yaliyoletwa na mabasi ya Dar. Kila Jumapili, alinieleza, anampiga mtoto picha mbili, ya uso na ya mwili mzima, anatuma. Shuleni mtoto anapelekwa na bodaboda wa jirani, kwa sababu malori ya lami hayamjui mtu.

"Nilizaa sita," alisema. "Wawili, walionifia, niliwabeba mgongoni wakiwa wepesi kama ungo. Unambeba mtoto, husikii kitu. Unageuza shingo kumwangalia kama yupo. Huyu nikimbeba nasikia uzito, na nikimlaza nalala na mimi. Mama yake ananiambia akikonda anamchukua. Akimchukua nabaki na kuku."

Ndipo msichana akaja kuketi kwenye mkeka karibu nasi, na nikaona shingo yake. Nyuma, kuzunguka hadi chini ya masikio, ngozi ilikuwa nyeusi na nene kuliko ya uso wake, na juu ya weusi huo kulikuwa na michubuko myekundu.

"Shingoni ameumia?"

"Uchafu," bibi alisema. "Hautoki. Namsugua kwa dodoki kila jioni, nimeweka hadi majivu, wapi! Na kwapani hivyohivyo."

Msichana aliweka kiganja shingoni.

Ngozi ile niliijua. Niliwahi kuiona kwenye picha kitabuni, nikajibia swali la mtihani, nikaisahau. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeshindana na chati, nikijiuliza ni ya nani na imetoka wapi. Sasa mwili wenyewe ulikuwa umeandika, kwenye shingo ya mtoto wa miaka sita, na aliyekuwa akijaribu kufuta maandishi kwa dodoki ni mtu aliyempenda kuliko wote duniani.

"Bibi," nilisema, na safari hii nilishusha sauti, "huo si uchafu. Unatoka ndani. Mwili wake unahangaika na sukari na mafuta yaliyozidi umri wake, na ngozi inatuonyesha. Usimsugue tena. Hautatoka kwa kusugua."

Alitazama dodoki lililoning'inia kwenye msumari kando ya mlango. "Miezi yote hii?"

"Hukujua."

"Alikuwa analia," alisema. "Nikamwambia mtoto mchafu hapendwi na mtu." Halafu akamwambia mjukuu maneno machache kwa Kinyaturu, ambacho nilikuwa sijakielewa, na mtoto akasogea akalaza kichwa mapajani mwake. Chai yangu ikaota utando.

Mwishowe akasema, "Sasa utaniambia nimkondeshe. Na mama yake?"

"Hatakonda. Hatapungua hata kilo moja." Nilikuwa nikikumbuka ukurasa nikiwa tayari naongea. "Mtoto wa umri huu anarefuka. Tukimsimamisha kwenye uzito alionao, urefu utamfikia. Mwili utajipanga wenyewe."

Aliliwaza hilo, kisha akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Kama sare ya shule. Unashona kubwa, mtoto anaifikia."

"Ndiyo hivyo."

"Na hapungui?"

"Hapungui."

"Akipungua, mimi na mkeka wangu tunahamia kituoni kwako."

Alikuja kituoni alasiri ya kesho yake, wakati mabenchi hayana watu. Sista alimtoboa mtoto kidole na kupima sukari, na ilikuwa bado sawa, maana shingo hutangulia kuonyesha. Kisha akainua nywele akaitazama shingo kwa muda mrefu. Kuanzia wiki ile alisoma kilo kwa sauti ya kumtosha mama wa mtoto tu, na kina mama walipolalamika kwamba kliniki imepooza, aliwaambia koo linamuuma. Koo hilo halijapona mpaka leo.

Kilichobaki ni mizani. Ya kusimama ilikuwa imeharibika, na ile ya barazani mtoto alikuwa ameimaliza. Mahali pekee palipokuwa na mizani ya kuaminika ni kwenye mashine ya kukamua alizeti, karibu na barabara, wanapopimia magunia. Nilisita. Kumpandisha mtoto aliyechekwa kwenye mizani ya magunia? Bibi hakusita. "Tutapanda wote," alisema.

Nikapanda mimi kwanza. Fundi wa mashine, mtu mkubwa mwenye mafuta hadi kwenye nyusi, alisogeza kile chuma cha kupimia nyuma, nyuma, nyuma tena. "Huyu wameshamkamua," alisema. "Yamebaki mashudu." Bibi alicheka hadi akashika ukuta. Akapanda yeye, akamwonya fundi asome kwa heshima. Zamu ya mtoto ilipofika alikuwa bado anacheka mashudu yangu, akapanda akicheka. Thelathini na nne. Nikaandika kwenye daftari. Nyumbani kwa bibi tulimsimamisha kwenye fremu ya mlango, nikachora mstari wa mkaa: sentimita mia na kumi na nane.

Miezi iliyofuata ilinifundisha kwamba ushauri ninaoujua mimi ulikuwa robo ya kazi. Nilisema aruke kamba. Bibi akaniuliza, "Umewahi kuchubuka mapaja wewe?" Sikuwahi. Akamshonea mjukuu kaptula ya kitenge ya kuvaa chini ya sketi, na ndipo mtoto akakubali kutembea. Bodaboda aliachwa. Walikwenda shuleni kwa njia ya mashambani, bibi mbele na magoti yake mabovu, mtoto nyuma, na kwa mwendo wa bibi hakuna aliyeishiwa pumzi. Nilisema apunguziwe ugali. Bibi hakupunguza kitu. Alianza kumpa mlenda na maharage kwanza, ugali baadaye, na mtoto akawa anauacha mwenyewe. Mafuta ya alizeti, ambayo huku kwetu humiminwa kama maji kwa sababu yanatoka shambani, aliyapima kwa kifuniko cha chupa. Biskuti zilimpa shida kuliko vyote, maana kuzitupa ni kumtukana mwanawe. Akaamua mjukuu azigawe kwa watoto wa jirani siku ya Jumamosi na abakize mbili zake. Kwa wiki moja hakuna mtoto aliyemwita bonge. Halafu wakaendelea.

Sikuacha kujiuliza. Mwezi wa sita, mafuta mapya yalipotoka mashineni na kila nyumba ikanukia vitumbua, alifika thelathini na tano na nusu. Nilianza kumhubiria bibi. Akanikata: "Wewe unahesabu, mimi ndiye nalisha. Subiri." Nilirudi nyumbani nikijiona mjinga, na pia nikiwaza kama siwatesi watu wawili kwa ajili ya kisanduku ambacho hata kwenye fomu hakipo. Jambo lililonituliza ni dogo: mtoto alikuwa ameacha kukoroma. Bibi ndiye aliyeniambia, kwa malalamiko, kwamba siku hizi usiku nyumba ni kimya mno, inambidi aamke kusikiliza kama anapumua.

Mwezi wa tisa, Ijumaa, jirani wa bibi alinijia kituoni akitweta. "Unaitwa. Beba daftari. Mama yake mtoto kafika, na anasema kakonda."

Nilikuta begi la nguo za mtoto limeshafungwa, liko juu ya mkeka. Mama yake alikuwa dada wa rika langu au zaidi kidogo, amesuka vizuri, anafanya kazi saluni. Macho yake yalikuwa mekundu. Bibi alikuwa ameketi kwenye kile kigoda kibovu, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania.

"Wewe ndiye uliyemwekea mwanangu dayati?" dada aliniuliza. Alinyoosha simu. Ilikuwa picha ya mwezi wa kwanza. "Haya mashavu yako wapi? Nilimwacha hapa ana mashavu. Mimi kule nanyoa na kusuka tangu asubuhi ili mtoto ale, nakuja nakuta mifupa."

Hakukuwa na mifupa. Nilianza kueleza uwiano wa uzito na urefu, nikajisikia nikiongea kama kile kipeperushi.

"Acha hizo. Kapungua kilo ngapi?"

"Hajapungua."

"Kwa hiyo macho yangu mabovu?"

"Twendeni mashineni," bibi alisema, akainuka.

Tulitembea wanne kwa njia ya mashambani, ambako mabua ya alizeti yalikuwa yamebaki makavu. Mtoto alitangulia, na niliona mama yake akimtazama anavyotembea, lakini sikujua anaona nini. Bibi alikuwa nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake. Nilijua hali ya daftari. Mara ya mwisho tulipima kabla ya sikukuu ya Nanenane, akiwa thelathini na tano. Kama tangu hapo amepungua hata kilo mbili, kitu ambacho kitabu changu kingekisifu, begi lile litapanda basi.

Nilipanda kwanza, kwa mazoea. Fundi alifungua mdomo, akaona nyuso zetu, akaufunga. Mtoto alipanda mwenyewe, akasimama katikati kabisa, mikono pembeni, kama alivyozoea. Chuma kikasogezwa, kikatulia.

"Thelathini na nne."

Dada akainama kutazama. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akapanda yeye mwenyewe kuhakikisha kama mizani haidanganyi, akaguna kwa alichosomewa. Nikamfungulia daftari kwenye ukurasa wa mwezi wa tatu, tulipoanza: thelathini na nne.

"Kumbe hajapungua," alisema.

"Nilikwambia," bibi alijibu.

Dada akapiga magoti kwenye vumbi la mashudu akamkumbatia mwanawe. "Basi," alisema begani mwa mtoto. "Basi, baki na bibi."

Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Namba ile ilikuwa ushindi wangu kwa sababu tofauti kabisa na iliyomfurahisha yeye, na nilitaka ajue. Siku zote nimeamini kwamba namba isiyoelezwa ni nusu ya uongo. Bibi alinitazama mara moja, nikafunga daftari. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kama nimenyamaza kwa busara au kwa woga, na sijalimaliza swali hilo.

Tulipofika, dada aliketi mlangoni, akamvuta mtoto katikati ya magoti yake na kuanza kumfumua nywele amsuke upya. Aliinamisha kichwa cha mtoto mbele, mkono ukasimama. Weusi haukuwa umeisha wote, lakini ulikuwa umepauka, na ngozi ilikuwa laini, haina mchubuko hata mmoja.

"Shingo imetakata," alisema. "Kwenye simu uliniambia uchafu umegoma. Umemsugua na nini, mama?"

Bibi angeweza kusema sabuni. Ameshampata mtoto, begi limeshafunguliwa, hakuna aliyemlazimisha. Aliokota ungo, akauweka chini.

"Sikumsugua," alisema. "Niliacha kumsugua. Endelea kusuka, nitakwambia."

Niliwaaga nikiwa nasikia anaanzia mbali, kwa wale wawili wepesi. Jumapili dada alipanda basi la Dar peke yake. Jirani aliyemsindikiza alinihadithia kwamba aliondoka na kipimo kimoja tu, uzi uliofungwa fundo mahali paja la mtoto linapoishia. Alitaka kumshonea kaptula nyingine za kitenge, kwa sababu ile aliyoikuta ilikuwa imeanza kuwa fupi.